Mtuhumiwa wa Kitabu cha Saba

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi mzima, goti tu ndilo linalojifanya zee kuliko mwenyewe. Natumaini nawe hujambo, na kwamba chumba cha mafaili hapo hospitalini hakijakumeza. Unakula? Usinijibu "nakula" kama unavyonijibu kwenye simu. Niandikie ulikula nini.

Kifurushi hiki ni kitabu cha saba. Madaftari manne, nimeyafunga kwa kamba ya viatu kwa sababu uzi ulikatika. Tumeshakuwa na mkunga wa kisiwani, mkata tiketi wa stesheni, mpishi wa bweni, msusi wa mgodini, mpima ardhi wa jangwani na nahodha wa kivuko. Wanawake sita, kesi sita, na hakuna mwanamume aliyewasaidia hata kufungua mlango. Mchapishaji anasema wasomaji wanaulizia wa saba ni nani. Wa saba ni Bi. Msimamizi, mjane wa miaka hamsini na minane, anaendesha nyumba ya wageni mlimani na funguo zote ziko kiunoni mwake. Hati ya nyumba imetoweka kabatini. Watuhumiwa ni watatu: mpwa wa mwenye nyumba, daktari mstaafu wa chumba namba tano, na mtunza bustani aliyefika miezi mitatu iliyopita.

Kanuni ni ile ile. Sura ya mwisho nimebaki nayo. Wewe chapa, kisha niandikie mhalifu ni nani na umejuaje. Ukipatia, nabadilisha mhalifu. Ukikosea, nitakucheka wiki nzima halafu nikutumie sura. Na usinipigie simu kwa jambo hili, kwenye simu mtu hapati nafasi ya kufikiri.

Huyo mtunza bustani msome vizuri. Nimehangaika naye kuliko wote. Nataka kujua unamwonaje, na uniambie ukweli, usinionee haya.

Mwandiko ukiwa umekaa upande nisamehe, miwani yangu imelegea tena. Tangu mwaka uanze nimeipeleka kwa fundi mara nne.

Mama yako


19 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo kabisa. Jana nilikula wali na maharage, juzi maharage na wali, kwa hiyo usiseme sina mabadiliko. Goti linaendeleaje? Umelipeleka kwa daktari au unalisemesha tu?

Madaftari yote nimeyachapa. Nilikuwa nachapa moja kwa siku mbili baada ya kazi, lakini la nne nilishindwa kulala nalo, nikalimaliza siku ile ile. Ukungu ule wa asubuhi na Bi. Msimamizi anavyozitambua funguo kwa kuzigusa! Mama, umezidi kuwa hodari, na sisemi kwa kuwa umenizaa.

Sasa kesi. Nimekukamata mapema mno safari hii. Mhalifu ni mtunza bustani, na wala hukujaribu kumficha.

Kwanza, kila anachoshika, glasi, kijiko, kioo cha taa, anakiinua kwenye mwanga, anakipulizia, anakifuta kwa ncha ya shati ndipo anakirudisha. Mtu wa jembe na maji anafuta nini? Alama za vidole! Pili, hana dosari hata moja. Anasikiliza mpaka mwenzake amalize kusema. Anakumbuka Bi. Msimamizi hapendi chai yenye tangawizi. Mwanamume wa aina hiyo ukimwona, jua kuna kitu anakitafuta. Tatu, na hili limenikera, Bi. Msimamizi mwenyewe. Mwanamke ana akili za kugawa, anajua hadi ubao upi unalia ukikanyagwa, kisha anamfungulia moyo mgeni wa miezi mitatu? Kwa umri ule? Angekuwa mama yangu ningemfungia ndani.

Mfukuze sura ya mwisho, na asirudi tena. Nimepatia au sijapatia?

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Mimi sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Barua yako imefika. Hukumu yako nimeielewa na nimeshaitekeleza. Wewe ndiye mwanangu wa pekee, na sitaki kitu chochote kikae kati yetu.

Kitabu nimekirudisha kabatini. Usihangaike nacho zaidi. Kula vizuri.

Mama yako


14 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo tena, maana ile ya kwanza hukunijibu. Tangu nijue kuandika sijawahi kukosa marahaba yako, hata ule mwaka niliovunja cherehani.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani kuna ukurasa umebaki kwenye bahasha. Umeitekeleza vipi hukumu bila kuniletea sura? Nikipatia unabadilisha mhalifu, nikikosea unanicheka. Hili la kabatini limetoka wapi? Kama nimepatia na umekasirika, mpe wizi daktari, sitasema neno.

Jumapili nilipokupigia ulinieleza habari za mvua dakika kumi nzima. Mama, wewe na mvua mmeanza lini urafiki? Halafu mchapishaji amenipigia kazini anauliza kitabu kiko wapi. Nimemwambia kinakaushwa wino. Sina uwongo mwingine, kwa hiyo tafadhali niandikie.

Je, ni goti? Ni kitu cha daktari? Kama ni kitu cha daktari sema, nitakuja hata kesho.

Mwanao


23 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Wiki tano sijapata barua. Jirani yako wa mlango wa bluu ananiambia hujaumwa, unafagia uani kama kawaida, ila huendi mjini tena. Basi leo mimi ndiye mpelelezi, na wewe ukae usikilize.

Jumatatu nilimsindikiza karani mwenzangu kuchukua miwani yake mpya. Duka dogo, fundi mzee amekaa nyuma ya meza ya kioo. Akaichukua ile miwani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipulizia, akaifuta kwa ncha ya shati, ndipo akamkabidhi. Akamaliza hiyo, akanyanyua kikombe chake cha chai, nacho akakiinua kwenye mwanga! Mama, nilishika meza. Karani mwenzangu akadhani nimepatwa na kizunguzungu.

Nikaja nyumbani nikatoa barua yako ya Machi. Mara nne tangu mwaka uanze! Miwani gani inayolegea mara nne kwa miezi miwili? Ilikuwa inapigwa nyundo?

Hapo ndipo nilipoielewa barua yako ya Aprili. Kosa ni la nyumba yetu. Sisi mambo mazito tunayasemea vitabuni. Niliposhindwa kukuambia kwamba nimeachana na yule mchumba wangu, kwenye kitabu cha tano nilikuandikia: mhalifu ni mwenye pete, mwache aende zake. Ulielewa. Ukanitumia sweta, na mpaka leo hujaniuliza neno. Kwa hiyo safari hii nawe ukaniletea mtu ndani ya daftari ili unisikie nasemaje, na mimi nikaandika afukuzwe, asirudi. Ukaona nimemtambua na nimemkataa. Nakuapia sikuwa nimemtambua. Nilikuwa natafuta mwizi wa hati.

Ile sentensi ya kukufungia ndani inaniunguza. Ningeweza kuipata ile karatasi ningeitafuna.

Nitakuambia na lingine, kwa kuwa uliniomba nisikuonee haya. Nilipojua, kitu cha kwanza nilikasirika. Miaka kumi na moja baba hayupo, na kichwani mwangu kiti chake bado kiko pale dirishani na hakuna wa kukikalia. Kesho yake nililia kazini, kati ya mafaili ya M na N, mgonjwa akanipa pole akidhani nimefiwa. Halafu nikajiuliza ninalinda nini hasa. Nimegundua napenda kukuwaza uko mezani na madaftari yako, hujasogea, ili mimi huku nifanye mambo yangu kwa amani. Sikuwahi kuwaza kwamba ukishafunga daftari kuna mtu anabaki peke yake na kikombe kimoja. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa ile barua.

Hukumu yangu naifuta. Mtunza bustani hana hatia. Kama amekuuliza kitu na wewe unataka kukubali, nenda kamwambie. Mtu anayekumbuka chai yako iwe vipi, mimi nina nini cha kumpinga? Ila nitakuja kumwona kwa macho yangu, na nitamuuliza maswali.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu mpenzi, mwanangu mkorofi,

Marahaba. Marahaba ya Machi, ya Aprili na ya Mei, zipokee zote kwa pamoja. Mimi mzima sana. Goti linauma na leo lina sababu, utaisikia.

Kwanza nikiri. Ni fundi miwani, yule wa duka lililobanwa kati ya kinyozi na duka la vifungo. Mjane kama mimi. Aliniuliza mwezi wa kwanza kama nitakubali tuishi pamoja kwa ndoa, nikamwambia asubiri nimalize kitabu. Hakujua kwamba yumo ndani ya kitabu. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikwenda dukani kwake nikamwambia asahau swali lake, na mimi sitaleta miwani tena. Akasema sawa, akanifungulia mlango. Kama angegomba ingekuwa rahisi. Nilirudi nyumbani nikaliweka daftari la sura ya mwisho kabatini chini ya mashuka, na kwa wiki nyingi sikuweza kuandika hata orodha ya sokoni.

Sasa hii barua yako ya Mei ilifika Jumatano. Nilipoona unene wa bahasha nikajua ni hukumu nyingine. Nikaiweka mezani. Nikachemsha maji, nikakaa, nikaiangalia. Nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nikaunyoosha mkono, nikaurudisha. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Mtu mzima na akili zake, anaogopa karatasi iliyoandikwa na mtoto aliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu!

Nikawafikiria wale wanawake wangu. Mkunga alivuka maji peke yake na kijiji kizima kinamkataza. Nahodha alikigeuza kivuko katikati ya safari. Wote nimewaumba mimi, na sijamwandika hata mmoja anayekaa jikoni akisubiri bahasha imwambie afanye nini. Ningemwandika, wewe ungekuwa wa kwanza kunirudishia daftari. Nikavaa viatu, nikatoka. Barua nikaiacha pale pale haijafunguliwa.

Nilimkuta ameinama kwenye miwani ya mtoto, skrubu ndogo ameishika kwa midomo. Akanyanyua macho, akaitoa.

"Karibu," akasema. "Imelegea tena?"

"Haijalegea," nikamwambia. "Ililegea ile mara ya kwanza tu."

"Najua. Nilikuwa naifuta na kukurudishia."

Mwanangu, nilicheka mpaka kinyozi akachungulia. Alikuwa anajua muda wote! Nikamuuliza, "Lile swali lako la mwezi wa kwanza, nilikwambia usahau. Umelisahau?"

"Nilijaribu," akasema.

"Basi jibu ni ndiyo."

Ile skrubu ikamponyoka. Ni ndogo kuliko chembe ya mchele, na mtoto wa watu alikuwa anakuja kuchukua miwani yake kabla duka halijafungwa. Tukapiga magoti wote wawili, tukaitafuta sakafuni, mimi huku, yeye kule, na hakuna aliyekuwa anatafuta kwa bidii. Goti langu limelipa gharama. Skrubu tuliipata kwenye mkunjo wa suruali yake.

Alipofunga duka alinisindikiza nyumbani, na ndipo nilipofungua barua yako, chai ikiwa mezani. Nikasoma mistari miwili macho yakajaa, nikampa yeye anisomee. Anasoma polepole, kila neno. Alipofika kwenye mtunza bustani akasimama akaniuliza, "Huyu mtunza bustani ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe." Akafikiri kidogo, akauliza, "Na hiyo hati, niliiba?" Ilibidi nimtolee daftari kabatini ajihakikishie mwenyewe. Akafika palipoandikwa habari za kiti cha baba yako. Alisogeza kiti chake upande wa pili wa meza, mbali na dirisha, kisha akaendelea kusoma. Hapo na mimi nikalia.

Sura ya mwisho iko ndani ya bahasha hii, ichape upesi kabla mchapishaji hajakuchoka. Mwizi ni mpwa, kwa hiyo umekosea, na nitakucheka wiki yangu yote kama haki yangu ilivyo. Njoo mwisho wa mwezi. Fundi anasema maswali yako uyaandike kabisa, ili asisahau kujibu hata moja.

Ruhusa yako nimeipokea kwa mikono miwili, mwanangu, na nitaitunza maisha yangu yote. Lakini nataka ujue, na usinune, kwamba ilinikuta nimeshajibu.

Mama yako