Mama Festo Bado Analeta Maziwa

Alhamisi, jioni. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Nimekaa na jiko la mkaa karibu na miguu, soksi mbili mbili, na bado natetemeka. Baridi ya Juni hapa Njombe naijua, lakini hii ya leo ina kitu kingine ndani yake.

Nikiulizwa kazi yangu huwa najibu haraka: ofisa wa chama cha wadau wa maziwa. Nikiulizwa chama kinafanya nini, hapo ndipo naanza kukohoa. Tunamsemea mfugaji kwa mwenye kiwanda, tunamsemea mwenye kiwanda serikalini, na tukipata nafasi tunasuluhisha ugomvi kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Ugomvi wa maji kwenye maziwa naumudu. Kipimo kinasema, mtu ananuna, yanaisha.

Wiki hii nimeletewa ugomvi usio na kipimo.

Kuna kijiji mbele ya Kichiwa, jina lake naliacha, ambako wanachama wamegoma kumimina maziwa kwenye tanki la kituo. Wanasema hawachanganyi maziwa yao na ya Mama Festo. Na Mama Festo tulimzika mwezi uliopita.

Nilikuwepo mazishini. Ng'ombe wake, Rozi, kijiji kizima kinajua hakuwahi kuachia maziwa kwa mkono wa mtu mwingine. Mumewe, Baba Festo, mkono wa kushoto umelegea tangu alipopata kiharusi, na watoto wako mbali. Mwenyekiti wetu alisimama pale kaburini, akavua kofia, akasema chama hakitamwacha mzee peke yake, kitamletea mtu wa kumkamulia. Wote tuliitikia kwa sauti. Kisha tukala wali, tukapanda gari.

Cha ajabu, keni ya maziwa ya familia ile haikukosekana barabarani hata asubuhi moja. Maziwa yamejaa, masafi, yanapita kila kipimo. Halafu wapita njia wakaanza kusema wanamwona Mama Festo alfajiri, kwenye banda, ndani ya lile koti lake jekundu la kukamulia, ameinama chini ya Rozi. Siwalaumu waliogoma. Mimi mwenyewe ningehamia chai ya rangi.

Lakini gari la kiwanda linatoka Makambako, na dereva ameshasema tanki lisipojaa hapiti tena njia ile. Likiacha kupita, kijiji kizima kitakuwa kinamwaga maziwa na kurudi nyumbani. Ndiyo maana mwenyekiti akanipigia simu: nenda kaone, kisha uwaambie watu waache ujinga.

Jana nililala kwa dada Agnesta, mpimaji wa kituo. Alfajiri tukajibanza nyuma ya majani ya tembo, malisho marefu ya ng'ombe wa Baba Festo, na ukungu ulikuwa mzito hata sioni viatu vyangu. Tulinong'ona, tukachekana kwa woga wetu. Nilikuwa nimeshaandaa kichwani namna nitakavyowasema wanachama. Kisha ukungu ukasogea kidogo, nikaona koti jekundu.

Sikucheka tena.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa Rozi, vilevile alivyozoea kukaa marehemu. Agnesta alinishika mkono, akaanza Salamu Maria, akaisahau katikati. Mimi niliogopa mpaka masikio yakavuma, na katika woga huohuo nikajikuta nimewasha tochi na kuita, "Mama Festo."

Akageuka Baba Festo.

Koti la mkewe limembana mabegani, kitambaa chake amejifunga kichwani. Agnesta alicheka mpaka akakaa kwenye umande, kisha akakimbilia kituoni kuwapa watu habari: kumbe ni mzee, anamdanganya ng'ombe kwa koti. Nami nikapumua. Nikaingia bandani kusalimia.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu." Hakuwa na hasira, alisikitika tu. "Nimewasikia mnanong'ona kwenye majani. Mmemtisha. Leo hajaja."

Nikaangalia ndoo. Maziwa hayakufunika hata kitako chake.

Nilimuuliza ni nani ambaye hajaja.

"Yule mama mliyemtuma," alisema. "Macho yangu hayamwoni vizuri, wala sipendi kumkatiza kazi. Nikiamka nakuta ndoo mlangoni imejaa, imefunikwa. Kitambaa cha kuchujia kimefuliwa, kimeanikwa. Nikasema kwa kweli chama kimenitafutia mtu mwenye adabu. Leo sikukuta kitu, ndiyo nikavaa koti nijaribu mwenyewe. Rozi amenikatalia."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya goti. Mkono ule haujakamua keni iliyojaa, si wiki hii wala wiki iliyopita. Nililielewa hilo palepale, na nilitamani sana nisilielewe.

Ningeweza kumwambia hatukutuma mtu. Nilishindwa. Alikuwa ananishukuru kwa mikono miwili, mmoja akiunyanyua kwa mwingine.

Nilipotoka nilipita kwenye kamba ya nguo. Kitambaa cha kuchujia kilikuwa kimeanikwa, kimenyooshwa vizuri pembe kwa pembe.

Kilikuwa kinadondosha maji, kama kilichofuliwa sasa hivi.

Kituoni nilikuta watu wanacheka, wanapokezana ndoo, maziwa yanaingia kwenye tanki. Mama mmoja akanitania kwamba ofisa mzima nimekwenda kuita marehemu kwa tochi. Wakaniomba niseme neno la chama. Nikasema habari za mzee wameshazisikia, maziwa yale ni ya nyumba yake na ni masafi. Sikusema uongo. Ila ya kamba ya nguo nilibaki nayo, na ya ndoo mlangoni pia.

Gari lilikuja, likajaza, likashuka Makambako. Mwenyekiti akapiga simu kunipongeza, akasema hiyo ndiyo kazi ya chama. Nikamuuliza yule mtu wa kukamua tuliyemwahidi mzee, alimtuma?

"Mtu yupi?" Akafikiri. "Aa, ile ya msibani. Dada yangu, yale yalikuwa maneno ya kufariji watu tu."

Nilisema mtandao unakatika.

Tangu mchana nimekuwa nikiwaza mambo ambayo mtu wa rika langu, mwenye cheti, hapaswi kuyawaza. Tulisimama juu ya kaburi lake tukasema tutakuja. Labda alisikia. Labda alingoja siku ile na iliyofuata, Rozi analia bandani kwa kiwele kilichojaa, mzee anahangaika na mkono mmoja, na gari letu haliji. Wanachama wetu tunasema tunawasemea. Huyu tulimsemea, kisha kazi tukamwachia mwenyewe.

Ninaona haya. Pia ninaogopa, na sijui kipi kimezidi.

Nimeshazungumza na dereva wa bodaboda atanifuata kabla ya jogoo. Kwetu Makete tulilima viazi. Kukamua nilifundishwa chuoni, na ng'ombe wa chuo hawakunipenda. Lakini kesho naenda, na keshokutwa, mpaka nipate mtu wa kweli wa kumkamulia mzee. Tochi naiacha nyumbani. Nitabisha hodi bandani, na nikimkuta kwenye kigoda nitamwambia, pole na kazi mama, chama kimefika, inuka upumzike.

Kumkuta nadhani nitavumilia. Ninachoogopa ni asije akageuka na kuniuliza tulikuwa wapi.