Mjomba Tuliyemwongeza Jukwaani

Quionga, Palma
Cabo Delgado
Jumanne, 10 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Chamima,

Assalam alaikum. Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto lina mambo yake.

Nimeisoma tese yako, hiyo tasnifu ya chuo, kwa siku nne. Kosa la wengi wanaoandika historia ya mchezo wa kuigiza ni kudhani kwamba mchezo husafiri ndani ya kitabu. Umeifuata komedi hiyo ya Waingereza tangu karne ya kumi na nane, koloni baada ya koloni, kwa matangazo na magazeti. Kwetu haikuja na karatasi.

Ilikuja kichwani mwa Abibo, mhudumu wa klabu ya Wazungu kwenye mashamba ya mkonge kule Lindi. Aliwatazama wakifanya mazoezi miezi mitatu huku akipanga glasi. Mwaka 1960 akavuka Ruvuma pale Namoto, akatufundisha. Nywele bandia tulizisuka kwa katani. Mimi nilikuwa mtumishi wa bwana harusi. Hata sasa nikisinzia alasiri naziona zikipeperuka vichwani mwetu, nisijue niko Quionga au London nisiyowahi kufika.

Mwishoni mwa mchezo baba anamwoza binti yake. Hapo mama mmoja akasimama kati ya watazamaji: "Ebo! Mnaoza mwana wa watu au mnagawa kuku? Mjomba wake yuko wapi?"

Abibo akamjibu, "Mama, Mwingereza hakuweka mjomba."

"Basi mwekeni nyie!"

Wakamsukuma mbele Amisse, fundi viatu. Akaketi na kofia yake, akatamka neno moja: "Nimekataa." Bwana harusi akaanza kubembeleza upya, na watu wakacheka mpaka wakalia. Tangu siku hiyo hatukucheza bila mjomba, na mjomba alikuwa Amisse, mpaka vita vya uhuru vikatutawanya.

Ndiyo maana nimeumia kusoma ulichoandika chini ya picha aliyoiacha Abibo: "mtazamaji aliyepotea jukwaani." Yule ni mjomba, mwanangu, na nafasi yake tuliitunga sisi. Jumatatu unakabidhi tese; ikishatiwa jalada, Amisse atabaki mpotevu, na wenzangu wa kumtetea wote wametangulia. Jina la baba yake Amisse limenitoka. Binti wa Amisse, Bi Wahida, yuko mjini Pemba, hapa hapa Cabo Delgado. Namba yake nimeiandika pembeni. Kijana wa jirani, Suleimane, ataipiga barua hii picha akutumie kwa simu.

Mama yako mdogo Amélia na mumewe Carimo wanakusalimu sana. Mungu akufungulie kila mlango utakaobisha.

Leo hii, kabla ya kazi nyingine yoyote, mpigie Bi Wahida umwulize jina kamili la baba yake, uliandike chini ya picha.

Akupendaye siku zote,
Babu yako Ossufo