Aliyempigia Magoti Mume Wangu

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Nimechagua mchele. Mchele wa Mhindi wa hapa Stratford, huku kwa Waingereza, hauna hata jiwe moja, lakini sijui kupika mchele ambao sijauchagua. Mvua tangu alfajiri. Lifti mbovu tena. Ghorofa nne kwa miguu, na mfuko wa vitunguu mkononi.

Asma karudi kutoka chuo kikuu saa kumi na moja. Mjukuu wangu huyu, binti wa mwanangu Suleiman. Yuko kwangu tangu mwaka jana. Baba yake kamtoa Pemba aje asome sheria, na yeye ndiye anayemsomesha. Leo kanambia Ijumaa atakuja mwenzake wa darasani, Mjapani. Ati ni kazi ya masomo: kila mmoja aende nyumbani kwa mwenziwe aone wanavyoishi na dini yao.

Nikamuuliza, sheria gani hiyo inayotembelea majumba ya watu?

Kaisogeza sahani yake. Halafu kasema. Hasomi sheria. Kaiacha zamani, hata baridi ya kwanza haijesha. Anasoma dini za Wajapani. Na namna watu wa dini mbalimbali wanavyoweza kukaa wakazungumza.

"Baba yako anajua?"

Hajui.

Nimemwacha na sahani yake nikaingia chumbani. Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Jumanne, 3 Novemba

Chai nimempa. Kusema naye sijasema.

Naandika hapa kwa herufi za chuo cha Qur'ani, kutoka kulia. Skuli sikwenda hata siku moja. Asma herufi hizi anazijua kwa Qur'ani, lakini mwandiko wangu haumudu. Nabananisha makusudi.

Jioni kanifuata jikoni. "Bibi, sisomi ili niwe Mjapani. Nasoma niwajue."

Nimemwambia mie nimewajua watu bila ya chuo kikuu. Chake Chake nilipakana ukuta na Banyani miaka ishirini. Yeye na masanamu yake, mie na msala wangu. Diwali sinia linakuja kwangu, Idi linakwenda kwake. Nani katupa digirii?

"Ndiyo hicho hicho ninachosoma, Bibi."

Jeuri.

Nimemwambia Jumapili baba yake akipiga simu nitamwambia yote, na atamrudisha. Kalia. Namjua Suleiman. Atamrudisha kweli. Nimekosha sufuria.

Jumatano, 4 Novemba

Kapiga pasi nguo zangu zote, mpaka vitambaa vya jikoni. Hanihongi huyu.

Ijumaa, 6 Novemba

Niandike.

Mjapani kaja saa tisa. Yumiko jina lake. Msichana mdogo, nywele fupi kama mvulana, koti kubwa kuliko yeye. Asma ananambia baba yake huko kwao ndiye mwangalizi wa hekalu la mtaa. Viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa, akavigeuza vikatazama nje, sawasawa. Hilo limenipendeza. La kwanza na la mwisho.

Kaleta kiboksi kimefungwa kwa kitambaa kizuri. Nikanyoosha mkono nikipokee. Hakunipa! Kanipita. Kaangalia huku na huku, kamuuliza Asma kitu kwa Kiingereza, kisha huyo mpaka kwenye kabati la vyombo, pale juu ilipo picha ya marehemu Hemed, mume wangu. Kiboksi kakiweka mbele ya picha. Kapiga magoti. Kakutanisha viganja. Kainamisha kichwa.

Kwa Hemed!

Nyumbani kwangu, siku ya Ijumaa, udi unafuka, mtu anamwinamia Hemed, ambaye mie mkewe miaka thelathini na nane sijamwinamia hata siku moja, na alitaka sana.

Nimepiga ukelele. Nimemwambia ondoka, humu haabudiwi mtu. Kiswahili hakijui lakini kaelewa. Kajigonga kwenye kabati, kikombe kimoja cha wageni kimevunjika, kavaa viatu huku anakimbia. Nimemsikia kwenye ngazi mpaka chini.

Asma kanigeukia mie, si yeye. "Unajua kaniuliza nini? Kauliza wazee wa nyumba wako wapi, awasalimie kwanza. Kwao ukiingia nyumba ya mtu unaanza na waliokufa. Na wewe pale umeweka picha, na chetezo cha udi, na kikombe chake Babu! Mtu afikiri nini?"

Nimemwambia chetezo nimekiweka pale kwa sababu ni karibu na dirisha. Nikikiweka pengine king'ora cha moshi kinalia nyumba nzima. Kikombe sina pa kukiweka. Ndiyo sababu, hakuna nyengine.

"Basi ungemwambia!" kasema. Kaingia chumbani kwake kabamiza mlango.

Nimempigia simu Bi Salma, jirani wa jengo la pili, nikamtolea yote yaliyonijaa. Nimekata simu nikajua nimekosea.

Jumamosi, 7 Novemba

Darsa ya wanawake. Nimekuta maneno yamenitangulia. Salma kanipokea mbele ya watu: "Enhe, Bi Kheri! Nasikia kwako kumefunguliwa hekalu la Wachina."

"Wajapani, Salma. Hata umbea jifunze kuusema sawa."

Wamecheka. Yeye hakucheka. Kaniuliza kwa sauti, Suleiman anajua bintiye anasoma masanamu? Kwa sababu mdogo wake yeye Salma yuko Wete, kule kule Pemba, na anazungumza na Suleiman kila siku.

Nimemwambia mjukuu wangu anasali sala tano na anafunga, na wajukuu zake yeye Salma ukiwasemesha Kiswahili hawajibu. Nimeondoka kabla ya dua. Sijapata kuondoka kabla ya dua.

Njiani nimejishangaa. Mtoto yule mie mwenyewe nimemtukana siku tano mfululizo. Lakini ni wangu wa kumtukana. Si wa Salma.

Jumapili, 8 Novemba

Simu imelia saa nne. Suleiman. Hakuuliza hata hali yangu.

"Mama, nasikia maneno. Asma anasoma sheria au hasomi? Kama hasomi nambie sasa hivi. Wiki hii natuma tiketi, arudi."

Asma kasimama mlangoni. Nguo ya kusalia bado mwilini.

Nimesema: "Anasoma sheria. Vitabu vimejaa mpaka juu ya friji. Wewe mwanangu umewaamini wambea kuliko mama yako?"

Kaniomba radhi. Mwanangu wa kumzaa kaniomba radhi, na mie ndiye muongo. Mdomo mchungu kama nimekula shubiri.

Kwa nini nimesema uongo? Kaka zangu watatu walikwenda skuli. Mie baba kasema chuoni panatosha, nikishajua kusoma Qur'ani nitataka nini tena. Nilikuwa nawabebea vitabu mpaka mlangoni mwa skuli, kisha narudi nyumbani kukuna nazi. Sijamsamehe. Kafa, nimemsomea khitma, na sijamsamehe.

Asma kataka kunibusu mikono. Nimeivuta. Nimemwambia: uongo nimesema mmoja, wa pili sisemi. Jumapili ijayo simu ikilia, mie namwambia ukweli. Au unamwambia wewe kabla yangu.

Jumatano, 11 Novemba

Yule Mjapani karudi. Peke yake, Asma yuko chuoni. Nimefungua mlango nikamkuta kainama, mgongo umelala kama meza. Hanyanyuki. Jirani wa mbele anachungulia. Nimemshika mkono nikamwingiza ndani kabla sijawa sinema.

Tumekaa. Yeye hana Kiswahili, mie Kiingereza changu ni cha sokoni na cha hospitali. Nimempa mkate wa kumimina. Kala vipande vitatu. Kiboksi chake tumekifungua: vitumbua vidogo, ndani maharagwe yaliyopondwa na sukari. Nilijitayarisha kuvichukia. Yanafanana na maharagwe ya sukari ya futari.

Asma kaja akatutafsiria. Nimesema mwambie huyu pichani si mungu, ni mume, na alikuwa mvivu. Yumiko kacheka kaziba mdomo. Kisha kasema bibi yake huko kwao kila asubuhi anakaa mbele ya picha ya babu yake anamhadithia habari za mtaa. Si kumuabudu. Kamzoea tu.

Nimemsogezea tena mkate. Mie asubuhi namwambia Hemed bei ya nyanya. Hilo hakuna anayelijua na Asma sikumpa la kutafsiri.

Kupiga magoti bado sikutaki. Nimemwambia hivyo. Kakubali. Chetezo kimebaki pale pale.

Ijumaa, 13 Novemba

Asma hali chakula. Ananizunguka kama paka mwenye njaa, kumbe anataka niseme nitamsitiri tena. Simsitiri. Kanambia mie mgumu. Ndiyo. Wali nimemwekea.

Jumapili, 15 Novemba

Saa tatu na nusu. Simu haijalia.

Asma katoka chumbani, kajifunga mtandio. Kakaa kwenye mkeka karibu na simu. Kakwangua kadi ya simu kwa ukucha, kapiga namba, kakosea, kapiga tena.

"Shikamoo, Baba. Ni mimi. Hapana, Bibi mzima. Baba, nina jambo."

Nimeinuka. Nimetoka nje kwenye ujia, nikavuta mlango nyuma yangu ukajifunga. Baridi. Koti nimelisahau ndani. Kuna sauti yake, maneno siyasikii, na sisogei kuyasikia.

Daftari lilikuwa mfukoni mwa gauni. Naandika nimesimama.

Bado anasema. Siingii mpaka aniite.