Rada Haioni Matombo

Mafiga, Morogoro
Aprili 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na mguu umepungua uvimbe. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa. Najua mjomba Bonifasi ndiye atakayekusomea, basi naye shikamoo yake, na namwomba asiruke neno.

Mama, unakumbuka tulivyofurahi kampuni ile ya watu binafsi ilipotuajiri wote wawili, mume wangu Castory mkuu wa kituo cha rada, mimi msomaji wa hali ya hewa redioni. Ulicheka ukasema soko huria limeingia hadi mawinguni. Nilikueleza kwamba rada hurusha mawimbi, yakigonga matone ya mvua yanarudi na kuchora rangi kwenye kioo: kijani mvua ya kawaida, nyekundu mvua ya radi. Palipo peusi ni shwari, ndivyo Castory alivyonifundisha. Nanyi mkawa hamvuki mto siku ya gulio mpaka mmemsikia Editha wenu.

Siku ile nilisema Matombo ni shwari. Mdogo wangu Josephina akajitwisha kapu la pilipili manga akaingia mtoni, maji ya mlimani yakamkuta katikati.

Msibani kila mtu alisema mvua ile imeshuka bila taarifa, ni mapenzi ya Mungu. Castory alibeba jeneza, akalia kuliko wanaume wote, nawe ukamfuta machozi kwa khanga yako. Lakini tulipotoka makaburini mvua nyingine ya radi ilitukuta, mabati ya misheni yakatetemeka. Niliporudi kazini nilimuuliza Urvashi, mwenzangu wa zamu, kioo kilionyesha nini upande wa Matombo alasiri ile ya mazishi. Akajibu peusi, mchana kutwa.

Nilimuuliza Castory akiwa anakula. Hakushtuka. Alisema rada iko huku bondeni, mawimbi yanagonga Uluguru na hayapiti, kwa hiyo nyuma ya mlima haioni kitu. Alijua tangu siku walipofunga mtambo. Angelisema hilo, kampuni ingenyang'anywa kazi, naye cheo chake. Kisha akaomba nimwongezee mchuzi.

Nilimwongezea, Mama. Mkono ulikwenda wenyewe. Baadaye ndipo nilipokaa jikoni nikaona nilichofanyiwa: mtu ninayelala naye alitumia sauti yangu kuwadanganya ndugu zangu, kwa sababu alijua mtaiamini. Namchukia, na aibu yake naibeba mimi.

Leo mchana nimesema redioni kwamba Matombo hatuioni wala hatujawahi kuiona. Sikumaliza, walizima kipaza sauti, na kazi sina tena.

Jumamosi mnaanua tanga, na mmemchagua yeye, mkwe, atoe shukrani kwa niaba ya familia. Msimzuie kuja. Mkaribisheni, mpeni kiti cha mbele, na kabla hajasimama mjomba asome barua hii kwa sauti. Nitakuwepo, na nguo zangu zote nitakuja nazo.

Nisalimie majirani wote, na Mama Modesta wa mtoni. Wakiuliza habari za mvua, waambie Editha hajui, waangalie mlima wenyewe.

Mwanao aliyebaki,
Editha