Pua ya Baba

Dada yangu Mwende,

Natumaini mko salama huko Kathonzweni na mbaazi zimeshika. Hapa Istanbul ni baridi na mvua tu.

Leo, siku ya saba tangu nipasuliwe pua ili ibadilishwe umbo, daktari amenitoa bandeji. Uso umevimba, macho ni meusi kama ya mtu aliyepigwa, na ameniambia umbo lenyewe nisubiri mwaka mzima. Nililetewa supu ya dengu, nisisikie harufu wala ladha. Kisha nikampigia Mama kwa video. Akaniangalia sana, akauliza polepole, "Pua ya marehemu baba yako umeipeleka wapi? Ndiyo niliyokuwa nimebaki nayo."

Nikakata simu, nikalia mpaka mshono ukauma.

Jumapili mkitoka kanisani kaa na Mama, umshike mkono. Mimi sijui nitarudi nyumbani na uso gani.

Nawapenda,
Nduku