Hukuonja Hata Tone

Mama,

Tumehama Mukuru. Mimi na mume wangu Barasa tumepata chumba Kayole, na mtoto wetu wa kwanza anakaribia kuzaliwa. Ningetaka nikuandikie hayo tu, lakini juzi nilikutana tena na yule daktari wako, na tangu hapo sijatulia.

Mimi naikumbuka hata saa yake ya mkononi, maana ndiyo aliyokuwa akiiangalia badala ya kukuangalia wewe. Tulikuwa tumeshazunguka karibu mwaka mzima. Pale kliniki ya mtaani walikutibu malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, na macho yako yakizidi kuwa manjano kana kwamba nayaona mimi peke yangu. Miguu ilivimba, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo. Tumbo likajaa. Ukalifanyia mzaha: "Nikizaa kwa umri huu, huyu mtamwita Isaka."

Ndipo tukaenda hospitali kubwa. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri hadi saa tisa. Daktari, bwana mkubwa, akasoma kwenye kadi kwamba tunatoka Mukuru, mtaa wa mabanda, na hiyo ikamtosha.

"Mama, wewe hunywa chang'aa au busaa?"

"Sijawahi kuonja, daktari. Mimi ni mama wa kanisa."

Akacheka. "Wote husema hivyo." Akaandika.

Miaka yote ile ya kusoma, na alichotoka nacho ni kujua mtu kwa mtaa anaokaa! Nawe ukainuka ukamwambia, "Asante, daktari." Mama, hiyo asante ilinichoma kuliko kicheko chake.

Baada ya hapo kila aliyefungua faili lako alisoma pombe. Mara wamegoma, mara mashine imeharibika, mara nendeni mkanunue glavu na sindano ndipo atolewe maji tumboni. Uliwahurumia. "Nao wamechoka, mwanangu." Wamechoka na nini? Na kuandika neno moja?

Ukafa. Siku ya ibada, kabla hatujakusafirisha nyumbani Kakamega, mchungaji alisimama mbele ya jeneza lako akahubiri juu ya ulevi. Huyo uliyemkaangia mandazi kila Jumapili! Maneno ya wodini yalikuwa yamemfikia, naye akayapokea kama neno la Mungu. Nilisimama katikati ya mahubiri. "Mchungaji, mama yangu hakunywa. Keti." Shangazi akanivuta gauni. Sikuketi mpaka alipoketi mchungaji.

Sasa sikia. Kwenye kliniki ya wajawazito, muuguzi mmoja aliniuliza uliugua nini. Nilipomweleza, hakucheka. Akanitoa damu. Nina virusi vya ini, Mama, hepataitisi B. Anasema mtu anaweza kukaa navyo miaka na miaka bila kujua, na kwamba mama humpa mtoto wakati wa kuzaa. Anadhani ndivyo vilivyokuua, na kwamba nilivipata kwako nilipozaliwa. Usilie huko uliko. Wewe hukujua. Waliopaswa kujua walikuwa wanacheka.

Alinituma hospitali kubwa, nikaangukia chumba kilekile. Hajabadilika, ameongeza kitambi tu.

"Unakunywa?"

"Nakunywa uji. Mama yangu pia alikunywa uji, ukaandika chang'aa."

Akainua macho. "Mama yako ni nani?"

Hakukumbuka. Nilimtajia jina lako la ubatizo na la ukoo, polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Akaniambia nipunguze hasira, si nzuri kwa ujauzito. Mtu mtupu kabisa, Mama. Debe.

Lakini kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Jioni ile tulipotoka kwake mara ya kwanza, ulienda kuanua nguo, nami nikachukua kikombe chako nikakinusa. Ilikuwa chai ya tangawizi. Ulirudi ukaniuliza kama nataka kidogo, nikashindwa hata kukutazama. Miaka yote niliyokaa nawe, na mtu aliyekuona kwa dakika tano akanifanya nikushuku. Nisamehe. Ninavyomdharau yeye, siku hiyo najidharau vilevile.

Muuguzi anasema ipo chanjo, mtoto achomwe mara tu anapozaliwa. Hospitali hawana, wala hawaoni aibu kusema hawana. Barasa ameihangaikia mjini mpaka akaipata, na muuguzi ametuwekea kwenye friji yake.

Basi kwaheri, Mama, na shika ahadi hii. Uchungu ukianza sitaingia mle hospitalini kwa adabu. Wataniita kichaa, wataniita hata mlevi wakitaka. Sitatoka, na sitamshukuru mtu, mpaka sindano imeingia kwenye paja la mjukuu wako.

Mwanao,
Nekesa