Ekzosi Uliyomwachia Mama

Aminieli, mdogo wangu,

Nimeanza kukuandikia mara kadhaa, na kila nikianza najikuta nakugombeza. Mtu gani anaondoka nyumbani kwa miguu yake kwenda hospitali, anaumwa kichwa tu, anamwambia mama asifunge mlango, halafu harudi? Nakugombeza, kisha nalia, karatasi inalowa, naichana. Leo nimeapa kumaliza hata ikilowa yote. Kuna jambo limetokea huku na linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine. Ni ile ekzosi yetu.

Niko karakana kwangu hapa Bomang'ombe. Ni Jumapili, wenzangu wamekwenda makanisani na majumbani kwao, mashine ya kuchomelea haijawashwa. Ekzosi ya pikipiki yako iko mezani mbele yangu, nimeipasua na kuitoa vya ndani vyote. Usianze kufoka. Nitakueleza ilivyofika hapa.

Unakumbuka ulivyoniletea ile pikipiki mara ya kwanza, jasho likikutoka kama wewe ndiye uliyeibeba? Ulisema haipandi. Ukitoka mjini na gunia la pumba na mama mmoja wa watu juu ya gunia, ukifika mwinuko wa darajani chini ya kwetu Masama, inakohoa, mama wa watu anateremka kwa aibu na kutembea. Ekzosi ya kiwandani ilikuwa imeziba masizi, na hata ilipokuwa mpya ilikuwa inaibana injini. Ukataka nikutengenezee nyingine itakayoiacha ipumue. Nikakwambia mimi natengeneza mageti na madirisha. Ukanijibu, "Dada, geti na ekzosi vyote ni chuma." Kichwa kigumu kama jiwe la mtoni. Nakikumbuka hicho kichwa, Ami.

Ya kwanza tulikosea. Tulidhani paipu ikiwa nene ndiyo nguvu. Ilinguruma kama lori la mchanga, kuku wa majirani wakatawanyika, na pale darajani ikazima kabisa. Ulirudi unaisukuma, umenuna, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Ya pili tukaifanya nyembamba zaidi na ndefu kidogo. Kona yake niliikunja polepole, nikasaga kila tone la chuma ndani ya kishingo, pale paipu inapotokea kwenye injini, ili hewa isikwame popote. Hiyo ikapanda, ila plagi ikatoka nyeupe, injini inachemka kwa sababu hewa imezidi mafuta. Ukapandisha sindano ya kabureta kidogo, ukasikiliza umefumba macho. Ukasema, "Hapo, fundi mkuu. Hapo hapo." Mimi sikusikia tofauti yoyote, nilikuwa nakuangalia wewe tu ulivyofurahi.

Na kelele tuliipunguza kwa stili waya za mama. Hatukuwa na kitu kingine cha kujazia ndani, ukaingia jikoni ukamchukulia zile anazosugulia masufuria. Mama alizitafuta mpaka akachoka. "Nani anakula stili waya zangu nyumba hii?" Wewe ukajifanya unamhurumia. Alipokuja kujua alikusema wiki nzima, na zilipoungua ukaiba nyingine, akakusema upya. Hivi ndivyo mlivyokuwa mnapendana ninyi wawili, kwa kelele.

Siku ilipopanda darajani kwa gia ya tatu bila kushushwa, mimi nilikuwa nyuma yako nimekalia gunia. Ulipiga honi kutoka pale mpaka uani. Ekzosi haikuwa na mlio wa kihuni. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, inayokwaruza kidogo mwishoni. Tangu hapo mama akiisikia darajani alikuwa anajua ana muda wa kutosha kupasha chakula kabla hujazima pikipiki.

Tulikuzika kihambani, kwenye migomba ya ukoo, kando ya baba, na mimea ya masale imekuzunguka. Rafiki yako Gasper alishika jeneza mbele kabisa, alilia kama mtoto. Matanga yalipoisha ukoo ukakaa, baba mdogo akasema pikipiki haiwezi kuozea kwenye banda la ng'ombe, na Gasper akainunua. Sikupinga. Niliona heri iende kwa rafiki yako, aliyejua kuitunza. Tulichosahau wote ni kwamba Gasper anakaa juu zaidi ya kwetu, na njia yake ya kurudi kwao inapita chini ya nyumba yetu kila jioni.

Nilipanda kumwona mama, nikakaa naye jikoni. Jioni, ng'ombe wameshakamuliwa, nikaisikia. Ami, nilikimbilia mlangoni nikijua ni wewe, kisha nikakumbuka. Lakini mama hakushtuka. Aliinuka kwenye kigoda, akaweka sufuria motoni, akapasha kiburu cha ndizi na maharage, akapakua sahani mbili. Sauti ikapita chini ya nyumba, ikaendelea, ikapotea. Yeye akakaa na sahani yake akala, ile nyingine ikiwa imefunikwa. Kesho yake hivyo hivyo. Sahani ya pili iliishia kwa mbwa.

Sikuweza kuivumilia ile sahani. Nilimwambia baba mdogo, naye akasema ameshaiona mara nyingi. "Shemeji anaanza kuchanganyikiwa," akasema. "Wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo sauti. Iondoe."

Nikaenda kwa Gasper. "Shikamoo dada Ndeshi," akanivutia kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema niombe lolote, ning'oe hata taa, lakini ekzosi nisiiguse. Bila hiyo hapandi na pumba, na pumba ndiyo inayomlisha. Alikuwa na haki, tena alisema kwa adabu. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, hasira zimenipanda, nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikwenda kaburini kwako nikachuma jani la isale.

Wewe unajua, sisi watu wa mlimani isale hatuchumi ovyo. Jani hilo ni la kuomba msamaha, au kuomba jambo zito, na ukimpelekea mtu hawezi kukukatalia. Nilimpelekea Gasper bila maneno. Aliliangalia, akatazama nilikotoka, akajua limechumwa wapi. Akaingia ndani akaleta spana.

Nikaifungua ekzosi yako kwa mikono hii hii iliyoichomelea. Nikamrudishia ile ya kiwandani, niliyoikuta bandani imeota kutu, nimeiziba matundu na kuigongagonga masizi. Jioni ile Gasper alipita kimya kimya kama pikipiki nyingine zote. Mama hakuinuka. Sufuria haikwenda motoni, sahani ya pili haikutoka kabatini. Baba mdogo akaniambia nimefanya la maana, na mimi, Mungu anisamehe, nikateremka kazini nikijiona nimemponya mama yetu.

Niliporudi Jumamosi iliyofuata nilimkuta uani na kitenge kinamzunguka kiuno mara mbili. Macho yameingia ndani. Jirani akaninong'oneza kwamba mama anaonja uji asubuhi na kuurudisha. Nikampikia mtori wa ndizi na nyama, akashika kijiko, akakiweka chini. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Gasper anaumwa? Siku hizi simsikii."

Gasper. Alisema Gasper, hakukutaja wewe.

Nikamwambia kila kitu. Nilidhani atalia. Mama alikasirika, Ami, kama alivyokuwa anakasirika zamani, ile hasira uliyokuwa unaikimbilia migombani. "Mimi ni mwendawazimu?" akaniuliza. "Mwanangu nimemzika mwenyewe. Udongo nimetupa kwa mkono huu. Nitashindwaje kujua anayepita ni Gasper?" Kisha akatulia, akaniambia tangu uondoke chakula hakipiti kooni. Ila ile sauti ikifika darajani mwili wake unainuka wenyewe kwa mazoea, unapasha, unapakua, unakula. "Nilikuwa nakula naye," akasema. "Ni mlo huo mmoja tu, na ninyi mmeuondoa."

Mimi niliiona sahani ya pili, Ami. Sikuona kwamba ya kwanza ilikuwa inaisha.

Mama akainuka, akashika ukuta, akaenda mwenyewe mpaka kaburini kwako akijikokota, nami namfuata kama ndama. Akasimama pale kitambo. Sikusikia alichokwambia, na sitauliza. Akachuma isale jingine akanipa mkononi. "Mpelekee mtoto wa watu. Umemchukulia chombo chake cha kazi kwa jina la marehemu."

Gasper aliponiona naingia tena na jani, alishika kichwa. "Dada, nyumba yenu mtamalizia masale yote kwangu!" Tukacheka, mdogo wangu. Ni mara yangu ya kwanza kucheka tangu ufe, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, naye akalia, tukasimama pale kwenye ua wa watu tunalia kama wajinga, mama yake akatoka ndani kuuliza nani tena amekufa. Aliniambia wiki nzima alikuwa anashusha gunia darajani na kulibeba kichwani. Hakuninung'unikia hata kidogo, maana isale lilikuwa limeshafika kwake.

Ndiyo maana leo niko hapa peke yangu. Nimeipasua ili niijaze upya kabla ya kuirudisha. Ndani nimekuta stili waya ulizoweka wewe mara ya mwisho, zimeungua zimekuwa unga mweusi, ukizigusa zinamomonyoka. Ulizishika kwa mikono yako. Nimezikusanya kwenye kikopo, sijui nitazifanyia nini, kutupa siwezi.

Nilipokuwa natoka nyumbani jana mama alinifungia ndizi, kama kawaida yake. Kisha akaingia jikoni akatoka na stili waya zake zote, mpya na ile anayotumia, bado ina povu la sabuni. Akanipa. "Safari hii natoa mwenyewe," akasema. Nilimuuliza masufuria atayasugua na nini. Akasema kwa majivu, kama mama yake.

Basi nazijaza sasa. Naanza na ile yenye povu, hiyo nimeiweka mbele kabisa, karibu na kishingo. Najua itaungua kwanza, lakini naiweka hapo. Nikimaliza kuandika nitawasha mashine nifunge mshono, na sindano ya kabureta nitamwachia Gasper aisikilize. Alikuwepo siku zile, anaijua ile "hapo hapo" yako.

Sasa nikuage. Nimekuwa naogopa kukuaga, maana kaburini sikukuaga, nilikuwa nimeshikwa na watu. Lala, Aminieli. Lala karibu na baba, msigombane. Deni la kukugombeza nimelifuta, na la kukupenda nitaendelea kulilipa huku juu kwa mama.

Nakuahidi haya. Stili waya zikiungua nitajaza nyingine. Paipu ikioza nitakata nyingine ya unene ule ule, urefu ule ule, kona ile ile. Gasper akiiuza pikipiki, ekzosi inarudi kwangu na nitatafuta atakayepita nayo. Na chumba changu cha hapa Bomang'ombe nimeshakirudisha kwa mwenye nyumba, nitakuwa napanda nyumbani kila jioni baada ya kazi, nitakaa nyuma ya Gasper juu ya gunia la pumba, kama siku ile.

Nitateremka darajani, nimalizie kwa miguu kupitia migombani, ili yeye apite na sauti yako mbele yangu na mama awe ameshainuka. Nikifika nitakuta sahani mbili. Ya pili nitaila mimi, Ami. Nitaimaliza yote.

Dada yako,
Ndeshi